Mama Parapanda na Mnyama wa Kijani

Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, mwalimu wetu wa somo la Mambo ya Mwisho anarudisha ufunguo wa chumba chake na kuingia katika ustaafu, baada ya kukitumikia chuo hiki cha theolojia kwa miaka thelathini na mitatu. Mtu aliyefundisha habari za mwisho wa dunia kwa muda wote huo amefika mwisho wa ajira yake akiwa na afya, akiwa na akili zake timamu, na akiwa hajawahi hata mara moja kutaja tarehe. Katika kazi yake, hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote.

Mkuu wa chuo aliponiomba niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, mstaafu mwenyewe alinizuia mlangoni mwa ofisi ya walimu akaweka sharti. "Usiniandike kama marehemu," alisema. "Na habari ya mdogo wangu iwemo. Ukiiruka, utakuwa umemuaga mtu mwingine." Basi ijulikane tangu hapa: kwa zaidi ya miaka kumi mwanamke huyu hakungoja cheo, wala medali, wala pensheni. Alimngoja mdogo wake wa kiume, fundi seremala, ambaye hakupotea kwa pombe wala kwa wanawake, bali kwa unabii. Tena unabii ambao mzizi wake ulitoka mkononi mwa dada yake. Kama yupo msomaji anayependa wasifu laini kama uji wa mgonjwa, afungue ukurasa wa michezo.

Jina la Mama Parapanda hakupewa na mkuu wala na askofu. Alilipata katika muhula wake wa kwanza, akisimamia mtihani huku mafua yamembana. Swali la pili lilihusu parapanda saba za kitabu cha Ufunuo, zile zinazopigwa na malaika mmoja baada ya mwingine, kila moja na balaa lake. Chumba kilikuwa kimya, kalamu zikikwaruza, mara akapiga chafya iliyotikisa vioo. Sauti ikatoka viti vya nyuma: "Hiyo ya kwanza, bado sita." Mwalimu mwingine angemtoa nje. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, akapiga ya pili, na darasa zima likapotea kwa kicheko. Mtihani ulirudiwa wiki iliyofuata. Jina halikurudi lilikotoka.

Alipoajiriwa, somo lenyewe lilikuwa yatima. Walimu wa wakati ule walikuwa mafungu mawili: walioliogopa na waliolionea haya. Wakalipatia chumba cha mwisho kabisa cha korido, kile ambacho madirisha yake yanatazama uwanja wa kuanikia nguo wa bweni. Walidhani wamelitupa, kumbe wamelizawadia. Mchana, upepo ukipita, mashuka meupe ya wanafunzi yalijaa na kupungua kwenye kamba kama watu wanaovuta pumzi, na mwanga wao uliingia darasani ukatembea polepole juu ya dari. Ule umati wa waliovaa mavazi meupe, ambao Yohana aliwaona wakiwa hawahesabiki, ulikuwa pale nje kila siku ya kufua.

Somo lake la kwanza la kila mwaka lilikuwa moja tu: kusikiliza. Wanafunzi walifunga vitabu, wakaweka kalamu chini, wakapokezana kusoma Ufunuo kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, bila mtu kueleza neno. Alisema kitabu kile kinawabariki msomaji na wasikilizaji wake, ila mfafanuzi hakimtaji; tena mtu akikusimulia ndoto yake, huanzi kwa kumdai hesabu. Mihuri ilifunguliwa, farasi wakapita, bahari ya kioo ikatulia. Ikifika pale mbinguni panapokuwa kimya kwa kitambo, msomaji alinyamaza kweli, na darasa lote likanyamaza naye. Wageni walidhani amepotea mstari. Katika kimya hicho mtu alisikia bomba la uani likidondosha maji, fagio la mhudumu likienda mbali, na moyo wake mwenyewe. Mchungaji mmoja, leo kichwa kimejaa mvi, aliniambia kwamba amesahau karibu kila kitu alichofundishwa hapa, pamoja na somo langu la Historia ya Kanisa, ila kile kimya bado anacho.

Na kwa kuwa ilikuwa mchana, na joto, na sauti inakwenda tu kama maji ya mto mdogo, wengine walisinzia. Hakuwaamsha. "Mwacheni," alikuwa akisema, "Danieli naye alikuwa kitandani." Kusoma kukiisha aliuliza umeona nini, si umeelewa nini. Mtu akikurupuka na "mnyama huyu maana yake ni...", alikatwa: "Taratibu, baba. Danieli aliona, akaugua siku kadhaa. Wewe umeona sasa hivi, na tayari unakwenda kunywa chai?"

Wiki zilizofuata ndipo mapambano yalipoanza. Aligawa chumba pembe nne. Dirishani walikaa wanaosema unabii ule ulitimia zamani, siku za watawala wa Rumi. Ubaoni, wanaosema unatimia karne kwa karne katika safari ya kanisa. Mlangoni, wanaosema karibu wote ungali mbele yetu, pamoja na unyakuo, dhiki kuu na utawala wa miaka elfu. Kwenye kabati, wanaosema ni picha za vita vya kila zama kati ya Mwanakondoo na wenye mabavu. Kila juma walihama. Hakuna aliyeruhusiwa kumpinga jirani kabla hajakaa kwenye kiti cha huyo jirani na kumtetea, mpaka mwenyewe akubali: "Ndiyo, hapo umenisema sawasawa." Nilialikwa mara nyingi. Mimi ni mtu wa dirishani, na nina sababu nzuri za kukaa dirishani. Siku aliyonihamishia mlangoni nilitetea unyakuo kwa bidii kiasi kwamba wanafunzi wawili walinifuata baadaye kunipongeza kwa kuokoka.

Niseme kidogo kwa nini kazi hiyo ilikuwa na thamani, maana wapo kati yetu wasioiona. Somo hili lina maadui wawili, nao ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza ni mhubiri wa kalenda, anayelifungua andiko takatifu kama ratiba ya mabasi. Wa pili ni msomi mwenye aibu, ambaye amelisugua tumaini la Wakristo mpaka limebaki tanbihi chini ya ukurasa. Wa kwanza huwaambia watu uongo. Wa pili hawaambii kitu. Na mtu aliyefiwa, aliyechoka, anayeona dunia inavyokwenda mrama, akija kanisani kuuliza haya yote yataishia wapi, akakuta msomi anakohoa kohoa tu, atakwenda kwa yule mwenye jibu. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini huvuma zaidi pale ambapo madebe yaliyojaa yameamua kukaa kimya. Mama Parapanda alisimama katikati ya hao wawili, na pande zote mbili zilimrushia mawe.

Sasa tuje kwenye chaki.

Danieli, kwa ambao hawajamsoma karibuni, aliota wanyama wanne wakipanda kutoka baharini. Wa kwanza mfano wa simba, wa pili dubu, wa tatu chui. Wa nne hakufananishwa na mnyama yeyote: anatisha, ana meno ya chuma na pembe kumi, basi. Rangi haikutajwa. Mama Parapanda, anayechora vizuri kuliko mwalimu yeyote tuliyewahi kuwa naye, alipenda kuwaweka ubaoni. Muhula mmoja chaki ziliadimika. Simba akatoka mweupe, dubu mweupe, chui akamaliza kipande cha mwisho cha chaki nyeupe kwa vichwa vyake vinne. Sandukuni palibaki ya kijani peke yake. Akamchora mnyama wa nne kwa kijani, na meno na pembe na yote, akapangusa mikono, akaenda nyumbani.

Wanafunzi wa theolojia ni watu waaminifu, hasa pale ambapo uaminifu hautakiwi. Walinakili. Wenye kalamu za kijani walizitoa. Wasio nazo waliazima. Wakahitimu, wakatawanyika makanisani, na mnyama akaenda nao. Miaka ikapita bila mwenyewe kujua. Siku moja amekaa saluni, kichwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele, redio inahubiri, akasikia: "Na yule mnyama wa nne, yule wa kijani, kama tunavyojua..." Anasema alicheka, kisha akahisi baridi mgongoni katikati ya joto lile. Kesho yake aliingia ofisi ya walimu akiwa bado hajatulia. "Kama tunavyojua! Nani anajua? Mimi mwenyewe sijui!"

Rangi ilikuwa imeshaanza kuzaa maana. Mmoja alihubiri kwamba kijani ni sare za majeshi. Mwingine akasema ni noti. Mwingine, kitufe cha kupokelea simu. Mmoja aliyekwangua Kiyunani kidogo alimkimbilia yule farasi wa nne wa Ufunuo, ambaye rangi yake katika lugha ya asili yaweza kuwa ya jani lililochujuka, akawafungisha ndoa farasi na mnyama bila hata kutangaza. Hiyo ndiyo hatari ya kazi yetu. Kosa la mwalimu wa hesabu huishia kwenye jibu. Kosa la mwalimu wa unabii hupata kwaya.

Aliyeipatia kwaya kubwa kuliko wote alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwenye kipaji kwelikweli, tuliyemwita Bwana Maspika kwa sababu hata akihubiri sebuleni mwa mtu alitaka vipaza sauti viwili. Alichanganya kijani, pembe kumi na hesabu zake mwenyewe, akapata siku. Siku kamili, na mwezi wake na mwaka wake. Watu wakaanza kuacha kazi. Mmoja wao akawa mdogo wake Mama Parapanda.

Fundi yule tulimfahamu. Mikono mipana, mcheshi, akiongea na mbao kama anayembembeleza mtoto alale. Aligawa vifaa vyake vyote: randa kwa huyu, msumeno kwa jirani wa pili, nyundo kwa yeyote aliyepita njiani. Karakana ikabaki na kitanda kimoja cha mtoto, cha mteja, hakina ubavu mmoja. Dada yake alipomfuata alimkuta amekaa juu ya lundo la maranda, amevaa nguo safi, uso umetulia kama wa mtu aliyeamka kutoka ndoto nzuri na anaogopa kusema neno isije ikamtoroka.

"Ni chaki, mdogo wangu," alimwambia. "Nyeupe iliisha. Ningepata nyekundu ningemchora mwekundu."

Fundi akamtazama kwa huruma. "Na nyeupe, dada, ilimalizwa na nani?"

Nawaomba wenzangu wenye shahada wakae na swali hilo kidogo kabla ya kucheka. Halina jibu. Mtu akishaamini kwamba kila kitu ni ishara, hata kukanushwa kwa ishara kunakuwa ishara nyingine. Dada alimweleza habari za Danieli na watu wa wakati wake, waliokuwa chini ya mabavu na wakahitaji kujua kwamba wanyama hawatatawala milele. Alimkumbusha maneno ya Yesu mwenyewe kwamba siku ile hakuna aijuaye. Fundi akamjibu kwa upole kuwa siku haijulikani kwa wasiohesabu. "Na wewe, dada, unaogopa tu. Dunia ikiisha, utamfundisha nani?" Dada alitoka pale mikono mitupu.

Siku yenyewe walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, mamia kwa mamia, wamevaa meupe. Sisi wengine tulibaki majumbani na hoja zetu. Yeye alikwenda, na gauni lake la kazi la bluu, akapenya katikati ya watu mpaka akamwona, akakaa kwenye nyasi kando yake.

"Umeamini, dada?"

"Ninamwamini yeye. Tarehe siiamini. Lakini akija leo, anikute kando yako."

Walikaa mchana kutwa. Anasema ilikuwa siku nzuri kupita kiasi. Mawingu yalikwenda taratibu, watoto walilala mapajani mwa mama zao, nyimbo zilipanda na kushuka, zikaondoka na upepo na kurudi nao. Kuna wakati, jua likiwa utosini na kila kitu kimekuwa cheupe, hakuweza tena kutenganisha tarehe aliyoikataa na Bwana aliyemtamani. "Nilitaka iwe kweli," aliniambia. "Si kwa ajili ya hesabu yao. Kwa ajili ya nyuso zao." Mtu anayedhani kazi ya mwalimu wa unabii ni kuzima hamu ya watu hajawahi kukaa kwenye nyasi zile.

Jua likashuka. Mtu wa kwanza akasimama, akakunja mkeka wake bila kumtazama jirani. Kisha wa pili. Kisha familia nzima, baba amembeba mtoto aliyekuwa anauliza, "Tumeshafika?" Bwana Maspika hakuonekana, spika zake zilibaki zikinguruma hewa tupu. Mwishowe uwanja ukabaki na magoli mawili, viatu vilivyosahauliwa, na ndugu wawili. Fundi hakulia. Alisema tu, "Nenda nyumbani, dada," akaondoka zake. Dada hakumwambia "si nilikuambia." Wapo watu ambao wangetoa mshahara wa mwaka mzima kwa nafasi ya kulisema neno hilo. Yeye alipewa nafasi bure, akaiacha ipite.

Baada ya hapo fundi alihamia mji mwingine. Akapata kibarua cha kupakia mbao kwenye yadi ya mtu, akizibeba begani kutwa, asiguse hata moja kwa kifaa. Dada akipiga simu, alijibu "salama" na kukata. Hakuingia tena nyumba yoyote ya ibada. Tulidhani ana hasira na Maspika, lakini dada yake alisema ni kitu kibaya kuliko hasira: "Anamwonea Mungu haya, na anadhani Mungu naye anamwonea haya yeye."

Likizo moja baada ya nyingine, Mama Parapanda alizunguka makanisa ya wanafunzi wake wa zamani. Alisimama mbele ya waumini na kusema kwamba rangi ya yule mnyama haijulikani, na kijani ni cha kwake, cha kukosa chaki. Msidhani alipokelewa kwa vigelegele. Mzee wa kanisa mmoja alimvuta pembeni akamsihi: "Mama, tafadhali, usituharibie mnyama wetu." Kwingine walikuwa wamemchora ukutani nyuma ya kwaya, mkubwa, na pembe zimefika darini. Baada ya mabishano marefu walikubali kumwekea pazia. Yuko pale mpaka leo, nyuma ya pazia, watoto wa shule ya Jumapili wanamchungulia, na sina shaka pazia nalo limeshapewa maana.

Mimi niliandika makala katika jarida hilihili juu ya manabii wa kalenda. Nilimpelekea rasimu nikitarajia pongezi. Aliisoma yote, akasahihisha marejeo mawili ya Danieli, akanirudishia. "Kila neno humu ni kweli," alisema. "Ila ukimchapa Maspika kwa fimbo ndefu namna hii, ncha yake itamfikia na mdogo wangu." Nikamwambia ukweli hauchagui mgongo. "Wewe unataka kushinda," akanijibu. "Mimi nataka arudi."

Makala ilichapishwa, na siijutii hata nukta. Uongo unaovunja nyumba za watu unastahili kuchapwa hadharani. Bwana Maspika alisogeza tarehe yake mara mbili, kisha akaacha, na siku hizi anahubiri juu ya ndoa. Lakini haki isemwe: wale waliotoka uwanjani wamevunjika hawakuja kugonga mlango wangu. Walikwenda chumba cha mwisho cha korido. Mshona nguo, mwalimu wa msingi, dereva wa lori, mmoja mmoja, mwezi baada ya mwezi, wakikaa dirishani na kuyatazama mashuka, wakiuliza swali lilelile: kama tarehe ilikuwa uongo, na ahadi je? Hakuwahi kuwapa hotuba. "Aliyekudanganya saa ya mgeni si mgeni," alikuwa akisema. Kisha: "Kungoja si kukaa. Anayengoja mgeni hufagia." Watu walitoka pale wakarudi makazini. Sijui mhadhara wa theolojia uliofanya kazi kubwa zaidi ya hiyo.

Kwa sababu hiyo nalisikitikia Baraza la Chuo, ambalo nasikia linafikiria kumstaafisha pamoja na somo lake, na mahali pake kuweka Usimamizi wa Miradi. Miradi ni mizuri. Lakini hakuna mtu atakayekuja kwenu amepoteza kila kitu, aulize habari za bajeti. Chumba kile kikifungwa leo, kesho kuna mtu ataleta spika.

Mwezi huu alimtumia mdogo wake ujumbe. Miaka yote alikuwa akimwandikia njoo, tunakukumbuka, tunakuombea, na haukujibiwa hata mmoja. Safari hii hakumwalika popote. Aliandika: "Nastaafu. Vitabu ni vingi, na mgongo wangu unaujua." Basi.

Jumatano iliyopita, mchana, tukiwa tunapakia vitabu kwenye maboksi, mlinzi wa getini akaja kusema kuna mtu wa mkokoteni. Hakuna aliyeagiza mkokoteni. Mama Parapanda akaweka chini alichokishika, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akakirekebisha tena. Fundi akaingia, amekonda, mvi mbili tatu kidevuni. "Shikamoo, dada. Viko wapi?" Alipewa boksi la fafanuzi za Danieli, akalipima mikononi. "Huyu mtu mzito." Dada akajibu, "Hata kwangu." Tulibeba.

Safari ya tatu au ya nne alisimama dirishani. Nje ilikuwa siku ya kufua. Alitazama kamba kwa muda mrefu, mwanga wa mashuka ukimpanda na kumshuka usoni, na mimi nikajikuta nimesimama mlangoni na boksi mikononi, nisijue nitoke au nibaki. Ndipo akasema, bila kugeuka:

"Dada. Lakini atakuja?"

"Atakuja."

"Lini?"

Neno lilimtoka lenyewe, kwa mazoea ya zamani. Alilisikia akiwa ameshalisema. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa kichwa kilichoegemea kioo, kama mtu aliyebanwa kifua miaka kumi na sasa kimeachia, na dada yake akacheka mpaka akashika meza. Walikuwa wakitazamana, kila mmoja akijaribu kunyamaza, kisha mmoja ananong'ona, "Lini," na wanaanza upya. Machozi yalikuwepo, lakini yalikuja na kicheko, na hakuna aliyeyafuta.

Walipotulia fundi akayatazama maboksi. "Hivi vitabu haviwezi kuishi humu, vitaoza. Ukuta wa chumba chako cha nyumbani una upana gani?" Dada hakujua. Fundi akakuna kichwa, akasema atakuja kupima. Jumamosi alikwenda kwa yule jirani wa zamani kumwomba msumeno uliokuwa wake. Jirani akasema umeshika kutu. Akauchukua hivyo hivyo. Kanisani hajaingia bado, na dada yake amewaonya wachungaji wote anaowafahamu, na mimi pamoja nao, kwamba atakayemsukuma atajibu kwake.

Mama Parapanda, chuo kinakushukuru kwa miaka uliyotupa, na kwa kutufundisha kulitumaini jambo kubwa bila kulishika kwa nguvu mpaka likavunjika. Mimi nakushukuru kwa kunipinga mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote hapa, na mara chache, zisizopungua tatu, kwa kuwa sahihi. Rafu zikiwa tayari, tuite. Tutakuja na vitabu vyote ulivyotuazima. Keti salama na ndugu yako. Siku zenu na ziwe ndefu na pole, na randa isikose mbao.